Akina mama wa Tabora hawajachanganya makanisa, yalishachanganyika zamani majumbani mwao

Tangu Ijumaa ile ya tarehe 6 Machi ipite kuna mzozo wa chini chini hapa Tabora, na kwenye magrupu ya wasap umeshakuwa mkubwa kuliko jambo lenyewe. Akina mama wa makanisa mbalimbali walikusanyika wakaomba pamoja, Siku ya Maombi ya Wanawake Duniani, kitu ambacho hufanyika kila Ijumaa ya kwanza ya Machi katika nchi zaidi ya 170 na wala hakijaanza jana. Ila safari hii zikasambaa klipu fupi, mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na kitenge chake kakaa benchi moja na mama wa Kipentekoste aliyenyoosha mikono juu machozi yanamtoka, basi watu wakagawanyika. Kuna wanaosema wanawake wanachanganya imani, ndo mwanzo wa ile dini moja ya nyakati za mwisho. Na kuna wanaoshangilia kwamba hatimaye makanisa yameungana, bado mapadre na wachungaji tu. Mie naona wote wamepotelea njia panda ileile, wote wanadhani wale akina mama walikwenda pale kushughulikia mambo ya makanisa. Hawakwenda kwa hilo. Walikutana hadharani watu ambao ndoa, ukoo na mtaa vilishawaunganisha kitambo, na uzito wa maombi yao uko kwenye taarifa wanazopeana, nani anaumwa, nani kakopa kakwama, binti wa nani kaacha shule, mafundisho ya imani kila mmoja kayaacha kwake salama. Ukienda kuyapima maombi haya kama mkutano wa wanateolojia utaona hatari ambayo haipo au ushindi ambao haupo.

Tuanze na historia maana wengi wanaobisha hawaijui. Mwaka 1887 kule Marekani mwanamke mmoja Mpresbiteri, Mary James, aliitisha siku ya maombi kwa ajili ya kazi za misheni ndani ya nchi yao, miaka michache baadaye wanawake wa Kibaptisti nao wakawa na siku yao ya kuombea misheni za nje. Mwaka 1920 siku hizo mbili zikaunganishwa, na 1927 ikawa ya dunia nzima. Sasa angalia miaka hiyo vizuri. Baraza la Makanisa Ulimwenguni, lile la maaskofu na maprofesa, liliundwa 1948, yaani wanawake waliwatangulia kwa miaka 21, na walifanya hivyo wakati maamuzi makubwa ya makanisa yao yakiwa mikononi mwa wanaume. Wakatoliki walikuwa hawamo, mwaka 1928 Papa Pius wa XI alitoa waraka mkali wa kuwakataza kushiriki mikusanyiko ya namna hiyo, na kizuizi kikaendelea mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano ambao mwaka 1964 ulitoa hati kuhusu umoja wa Wakristo ikasema kuomba pamoja na ndugu waliotengana kunaruhusiwa na hata kunatamanika katika nafasi maalumu kama za kuombea umoja, ila kushirikiana sakramenti ni jambo lingine kabisa, lisifanywe ovyo. Kwa hiyo mtu anayeandika leo kwamba mama Mkatoliki aliyekaa benchi lile kavunja sheria ya kanisa lake amechelewa zaidi ya miaka 60. Na tangu 1969 siku yenyewe ikawekwa Ijumaa ya kwanza ya Machi.

Hapa kwetu historia ina rangi yake. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, walipita Tabora 1878 na Januari 1879 wakafika Ujiji. Waprotestanti wa London Missionary Society walikuwa wameshatangulia Ujiji 1878, mwaka uliofuata wakafungua kituo Urambo, na 1898 Urambo ikakabidhiwa kwa Wamoravian ambao ndo wameshika eneo hilo hadi leo. Miaka ya 1930 wakaja Waswidi wa Kipentekoste, na Waanglikana nao wakajenga ngome yao Buha, nchi ya Waha kule Kigoma, makao ya dayosisi ya Western Tanganyika yapo Kasulu mpaka sasa. Wasabato wako na hospitali yao ya Heri kule Kigoma. Kila misheni ilikuwa na eneo lake, ukizaliwa Ndala wewe Mkatoliki, ukizaliwa Sikonge au Urambo wewe Moravian, ukizaliwa upande wa Nkinga kuna uwezekano mkubwa wewe ni wa Pentekoste, wala hukuchagua, ramani ilikuchagulia. Halafu reli ikahamisha watu, tumbaku ikahamisha watu, shule za bweni na kazi za serikali zikahamisha watu, na zaidi ya vyote watu wakaoana.

Hapa kwenye kuoana ndipo pa kukaa kidogo, maana hakuna anayepagusa. Kwa desturi zetu, iwe Unyamwezi iwe Buha, mara nyingi mwanamke akiolewa anafuata kanisa la mume. Mwanaume anaweza kuzaliwa Moravian akafa Moravian, akabatizwa, akapata kipaimara, akaoa na akazikwa na kanisa lile lile, hajawahi kukaa ibada nzima ya dhehebu jingine isipokuwa msibani. Mwanamke mwenzake wa umri uleule kabatizwa Ndala kwa mapadre, kaolewa Sikonge kaingia Moravian, binti yake kaokoka yuko TAG, kanisa la Kipentekoste, dada yake kaolewa Kasulu anasali Anglikana, na mama mkwe wa mtoto wake ni Msabato. Mama yangu mwenyewe alikuwa hivyo, Mkatoliki wa kuzaliwa, Moravian wa ndoa, na sala za utotoni hazikumtoka mdomoni mpaka anaingia kaburini, na hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kumuuliza. Sasa ukikusanya akina mama mia moja wa Moravian hapa mjini, Cheyo au Isevya, ukawauliza walibatizwa wapi, utashangaa. Kwa mwanamke wa aina hii kukaa na Mkatoliki na Mpentekoste si kuvuka mpaka wowote mpya, mpaka aliuvuka siku ya ndoa, akiwa na miaka ishirini, na waliomvusha ni hao hao wazee wa kanisa ambao leo wanashtuka. Aliambiwa acha la kwenu njoo la kwetu na hakuna aliyeona hapo kuna mchanganyo wa imani. Akija kukutana na dada zake wa damu kwenye maombi mara moja kwa mwaka, ghafla imani iko hatarini! Hiyo hesabu mie inanishinda.

Na namna ibada yenyewe inavyoendeshwa inaonyesha kwamba waliobuni walijua wanachofanya. Utaratibu wote unaandaliwa kila mwaka na wanawake wa nchi moja, dunia nzima inausoma. Mwaka huu 2026 walikuwa wanawake wa Nigeria, na andiko lao Mathayo 11, "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha." Mwaka jana walikuwa wa Visiwa vya Cook, nchi ya watu wapatao 15,000 katikati ya bahari ya Pasifiki, kabla yao Palestina, kabla yao Taiwan, na 2020 Zimbabwe. Ndani ya utaratibu huo hakuna meza ya Bwana, hakuna ubatizo, hakuna toba ya sakramenti, yaani hakuna sehemu hata moja inayohitaji mtu mwenye daraja la upadre au uchungaji. Mmoja anasoma somo, mwingine anasimulia maisha ya mwanamke wa nchi ile, mwingine anaongoza maombezi, kwaya zinapokezana. Ukweli ni kwamba makanisa yakikutana kwa ngazi ya viongozi swali la kwanza linaloua kikao ni nani atasimama mbele, maana wengine wanakubali wachungaji wanawake, Walutheri wa KKKT waliamua hivyo 1990, wengine hawataki hata kusikia, wengine hawatambui daraja la mwenzao kabisa. Akina mama swali hilo halijawafikia kwa sababu hawana anayesimama mbele, au wote wanasimama kwa zamu. Walinyimwa madhabahu, na kwa kunyimwa huko wakapata njia ya kuomba pamoja ambayo wenye madhabahu hawajaipata hadi leo.

Sisemi kila kitu kinakwenda kama maji. Kuna msuguano na nadhani ni vizuri uwepo. Salamu tu ni shughuli, mwongozaji akisema "Bwana Yesu asifiwe" nusu ya ukumbi inaitikia, akisema "Tumsifu Yesu Kristo" nusu nyingine inajibu "Milele amina", kwa hiyo mwenye busara anasalimia mara mbili. Wakatoliki wamezoea maombezi yaliyoandikwa na kiitikio, "Ee Bwana, twakuomba utusikie", Wamoravian wana litania zao, wenzetu wa Pentekoste wao maombi ni kila mtu afungue kinywa kwa wakati mmoja mpaka bati litikisike, na wengine wananena kwa lugha. Mama aliyezoea utulivu wa kanisani kwake akisikia hivyo anashika mkoba wake vizuri anatazama mlango. Na yule wa Pentekoste naye akisikia sala inasomwa kwenye karatasi anaona ni ubaridi, huyu anaomba au anasoma risiti. Wanaoandaa huwa wanatenga muda wa kila namna na wanavumiliana, hakuna anayebadilisha namna ya mwenzie, jioni kila mmoja anarudi kwake na anaendelea kuamini kwamba yeye ndo anaomba sawasawa.

Sasa hoja za wanaopinga. Nzito kuliko zote, na naiheshimu, ni ya kuibiana waumini. Hii ipo, tusifichane. Kuna huduma mpya mpya zinazokuja kwenye mikusanyiko kama hii zikiwa na vipeperushi na namba za simu, mama akilia kwa ajili ya mtoto mgonjwa anafuatwa baada ya ibada anaambiwa njoo kwetu Jumatano kuna mtumishi atakuombea, wiki mbili baadaye hayupo tena kwenye jumuiya yake na fungu la kumi limehama naye. Paroko au mchungaji anayesita kuruhusu wanawake wake kwa sababu hii simuiti mwenye wivu, ana sababu. Ila dawa yake si kuwafungia ndani, dawa ni sharti la wazi kabla ya siku yenyewe, kwamba anayekuja haaliki watu kwake, hagawi karatasi, hachukui namba za simu kwa ajili ya kanisa lake, na atakayevunja mwakani hayumo. Akina mama wenyewe wana uwezo wa kulisimamia hili kuliko barua ya ofisi yoyote, wanajuana.

Hoja ya pili ni ya mafundisho. Watu wanaleta andiko la Wakorintho, msifungiwe nira pamoja na wasioamini, wanalielekeza kwa Mkristo mwenzao aliyebatizwa kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Tafsiri hiyo ina shida hata kwa wanaoishika, maana wao hao hao wanatibiwa Ndala kwa Wakatoliki, wanajifungulia Sikonge kwa Wamoravian, wanafanyiwa upasuaji Nkinga kwa Wapentekoste, na wakiwa wodini kila jioni anapita mtu kuwaombea na hawaulizi ni wa dhehebu gani. Mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania walianzisha tume ya pamoja ya huduma za jamii, CSSC, kwa ajili ya hospitali na shule, na mwaka huo huo wakasaini makubaliano na serikali. Wanaume walikaa meza moja, wakasaini, wakapiga picha. Hakuna aliyeandika habari za dini moja ya nyakati za mwisho. Kumbe ushirikiano ukiwa na bajeti na mihuri ni hekima, ukiwa na khanga na machozi ni uasi. Lakini niwe mkweli hapa, Mkristo anayesema dhamiri yake haimruhusu kuomba na asiyekubaliana naye kuhusu Bikira Maria au Sabato, huyo aachwe kwa amani. Wasabato wengi hawaji, na wanayo siku yao ya maombi ya wanawake, Sabato ya kwanza ya Machi, ambayo mwaka huu ilikuwa tarehe 7, kesho yake tu. Hakuna aliyewalazimisha na sioni kwa nini walaumiwe.

Kuna wanaosema pia huu ni mpango wa wazungu. Siku ilianzia Marekani, sawa, kwani Moravian ilianzia Urambo? Na tangu lini wanawake wa Nigeria na Zimbabwe wakawa wazungu. Ukitaka kuona kwamba mpango huu hauendi kwa matakwa ya wakubwa angalia 2024, ibada ilikuwa ya wanawake wa Palestina, andiko la Waefeso la kuchukuliana katika upendo, walishaliandaa kabla vita ya Gaza haijaanza, na vita ilipoanza kamati ya Ujerumani ikaanza kuifanyia marekebisho ibada ile kwa ajili ya watu wao na kukawa na mvutano mkubwa. Sisi huku tulisoma tu na kuwaombea. Hiyo ndo maana ya kauli mbiu yao, maombi yenye taarifa na matendo yenye maombi, na taarifa ikishaingia kwenye maombi huwa inamkera mtu fulani mahali fulani.

Hoja dhaifu kuliko zote ndo inayopendwa kuliko zote, kwamba wanawake wanazurura, wanaacha nyumba, kila siku mikutano. Inasemwa hata na wazee wa kanisa wenye heshima zao. Mama wa Tabora siku ya Ijumaa ameamka saa kumi na moja, kateka maji, kapeleka watoto shule, kauza vitumbua au karanga, kapitia hospitali ya Kitete kumuona mgonjwa, saa tisa kaenda kuomba saa kumi na mbili yuko jikoni. Huyo ndo mzururaji. Baba wakati huo yuko wapi sitaki kusema, lakini vijiwe vya bao na kahawa havijawahi kutangazwa kuwa hatari kwa imani ingawa pale nako wanakaa Moravian, Mkatoliki na Mwislamu meza moja mpaka usiku. Na angalia vikoba na upatu, mwanamke huyo huyo kakaa na wenzie wa kila dini kila wiki, wanakopeshana fedha taslimu bila hati yoyote, na kijumbe anaaminiwa na wote. Mume hajalalamika kwa sababu hela inaingia nyumbani. Kwa hiyo linalowauma wanaume hawa si kuzurura.

Nigeukie na washangiliaji, maana wao nao wana madhara yao. Wakisema makanisa yameungana wanawabebesha akina mama mzigo usio wao na wanawapa wapinzani silaha. Hawajaungana. Mama wa WAWATA hajakubali kwamba ekaristi ni ukumbusho tu, mama wa TAG hajakubali ubatizo wa watoto wachanga, na hakuna aliyewaomba wakubali. Wapo wengine wanachanganya siku hii na tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake ya kiserikali, mwaka huu ikaangukia Jumapili basi ikawa vurugu tupu, Ijumaa maombi, Jumapili maandamano na vitenge vya sare, na kwenye klipu ukishaunganisha huwezi kujua lipi ni lipi. Na kuna jambo la majirani zetu Waislamu ambao kwa mji kama Tabora, na Ujiji ndo usiseme, ni wengi na ndo ndugu zetu. Baadhi ya washangiliaji wanataka siku iwe ya wanawake wa dini zote. Nia njema, ila nadhani wanakosea, ibada ile ni ya Kikristo toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho na kumwalika mama Mwislamu akae kusikiliza ni kumdharau. Mshirikishe kwenye matokeo, kwa mgonjwa na kwa mjane, huko hakuna haja ya kuulizana dini.

Ninachokiogopa mie kinatoka upande mwingine kabisa. Jambo likishaonekana lina watu, wakubwa wanalitamani. Kwanza anatafutwa mgeni rasmi, mgeni rasmi anataka jukwaa na spika, jukwaa linataka michango, michango inataka kamati, kamati inataka sare, na mama wa Ipuli asiye na hela ya kitenge anabaki nyumbani kwa aibu. Mwaka wa uchaguzi ukifika ndo kabisa. Wakati kuna mfano mzuri sana ndani ya harakati hizi hizi za wanawake, mwaka 1956 mwanamke wa India, Shanti Solomon, alianzisha utaratibu wa kila mwanamke anapoomba kwa ajili ya upatanisho aweke kando sarafu ndogo kuliko zote za nchi yake, iwe tajiri iwe maskini, ndogo ile ile, asionekane aliyetoa zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa amenyimwa viza ya kuingia Korea wakati wenzake wakiendelea na safari ya upatanisho. Kwetu hiyo ingekuwa ile ya shilingi 50 ambayo hata konda wa daladala anainunia. Ukiweka utaratibu huo Tabora hakuna mgeni rasmi atakayekuja, nakuhakikishia, maana hakuna bahasha ya kutangaza.

Pia siku yenyewe imekaa kimjini. Urambo, Kaliua na Sikonge mwezi Machi tumbaku inachumwa na inakaushwa, mwanamke yuko kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, anaangalia moto usizidi wala usipungue, mazao ya mwaka mzima yanaweza kuharibika usiku mmoja, utamwambiaje aende mjini Ijumaa mchana. Mkoa huu una watu zaidi ya milioni 3.3 na wengi wako vijijini, kwa hiyo tunapiga picha za akina mama wa mjini tunaziita za Tabora. Kule vijijini wanaoombeana wanaombeana shambani na kwenye foleni ya maji, na huenda ndo wenye andiko la mwaka huu kuliko sisi, msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, ila hakuna anayewasomea wala kuchukua taarifa zao. Wakiwapelekea ibada hiyo Aprili au Mei mizigo ya tumbaku ikishafungwa sioni dhambi iko wapi, kalenda ya Nigeria haiwezi kujua ya Kaliua.

Na Kigoma kuna kazi ambayo ikifanyika vizuri itawanyamazisha wote. Kambi ya Nyarugusu pale Kasulu ipo tangu 1996, ndani yake kuna wanawake wa Kikongo, na Warundi walioingia baadaye, Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste, na nje ya uzio kuna wanawake Waha wa makanisa hayo hayo wanaogombana nao kuni na maji. Tunaweza kusoma habari za mwanamke wa kisiwa cha Pasifiki tukalia, halafu yule aliye ng'ambo ya uzio hatumjui jina. Maombi yenye taarifa yakianza na huyo hapo, tutaona nani anakuja na nani anatafuta sababu. Nadhani baadhi ya wanaoshangilia leo watapungua.

Kwa hiyo viongozi wa makanisa wakitaka kusaidia wasaidie kwa vitu viwili tu. Watoe sharti la kutoibiana waumini na walisimamie kwa watu wao wenyewe, kila mmoja kwake, bila kunyoosheana vidole. Na sadaka ya siku ile isiingie kwenye akaunti ya kanisa mwenyeji, ibaki kwa akina mama, isomwe hesabu yake mbele ya wote, iende kwa wale ambao majina yao yalitajwa kwenye maombezi, maana hapo ndipo migogoro mingi huanzia na siyo kwenye Bikira Maria. Juma la kuombea umoja wa Wakristo ni tarehe 18 hadi 25 Januari, viongozi hukutana kipindi hicho hata hivyo, waliamue hapo mapema kabla Machi haijafika. Utaratibu wa nyimbo, zamu za kusoma, nani akae wapi na salamu ipi itangulie, hayo wawaachie wenyewe.